Mafuta ya Mama Mdogo na Kidonge cha Jumapili

Saa mbili asubuhi msusi anafungua mlango wa saluni yake, anapiga deki na kuchemsha maji ya kuoshea vichwa. Kisha anafanya jambo ambalo mwaka jana asingelifanya hata kwa kushikiwa fimbo: anakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko.

Mteja wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, ameshaketi. Vidole vya msusi vinagawa nywele, vinavuta, vinasokota. Ni vidole laini. Kwenye kiwiko cha kushoto tu limebaki baka moja la waridi, dogo kuliko kizibo cha soda.

"Hilo ni mpangaji mkaidi," anasema akicheka. "Wenzake wote wameshafungasha virago."

Wateja humwita Mama Kilemba. Miaka kumi na tisa amesuka vichwa vya watu, na hakuna aliyewahi kuona nywele zake mwenyewe. Chini ya kilemba alichofunga kila siku kulikuwa na magamba meupe yaliyomwagika mabegani kila alipojikuna. Baadaye yakashuka hadi viwikoni, na mwisho yakafika mikononi, kwenye mtaji wenyewe.

Ugonjwa huo ni soriasisi. Kinga ya mwili hukosea njia, ngozi ikaota haraka kupita kiasi, ikajikusanya na kupasuka. Hauambukizi hata kidogo.

"Mimi nilijua hauambukizi," anasema. "Lakini nani atakusikiliza wakati umemshika kichwa?"

Siku moja mteja aliona vidole vile kwenye kioo, kichwa kikiwa kimesukwa nusu. Akasema ameitwa kwao haraka, akajitanda mtandio na kutoka. Simu yake ilikuwa mkobani muda wote, na haikuwa imelia.

"Aliona afadhali aende na nusu kichwa kuliko niendelee kumgusa," anasema Mama Kilemba. Hapo hacheki. Habari zilisambaa, na kutoka wateja watano kwa siku akabaki na wawili, siku nyingine hata mmoja hakuna.

Tiba zikaanza kumiminika kutoka kwa kila mwenye mdomo. Paka limau. Paka manjano. Oga maji ya majani haya. Naye, kwa kuwa ni msusi, alifanya anachokijua: akachukua bakuli.

"Kazi yetu ni kukoroga," anaeleza. "Kichwa kikikauka unachanganya mafuta haya na krimu ile, unavika kofia ya nailoni, mtu anakaa chini ya mashine ya mvuke. Nikasema na dawa ya hospitali itakubali hivyo hivyo."

Alikamua bakulini marhamu ya kupaka aliyopewa kliniki, akaongeza limau na unga wa majani, akapaka na kujivika kofia. Alipoivua, ngozi ya kichwa ilikuwa imechubuka. Wiki mbili hata uzito wa kilemba ulimtoa machozi.

Daktari wa ngozi, mwanamke wa umri wa mdogo wake, alimwanzishia kidonge kikali zaidi, cha kumeza mara moja tu kwa wiki, kila Jumapili. Alimwonya kwamba kidonge hicho huweza kuchosha ini, kwa hiyo damu itapimwa kila baada ya muda. Miezi ilipita, na vidole vikaanza kurudi.

Tatizo ni kwamba Mama Kilemba hakutaka kuweka tumaini lote kapu moja. Asubuhi alikunywa unga wa mizizi wa "kusafisha damu", alionunua kwa mchuuzi mwenye maneno matamu. Jioni alipaka mafuta ya mama mdogo wake, yaani mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Daktari alipouliza kama kuna kingine anachotumia, alijibu hakuna. Mama mdogo alipouliza kama bado anameza vidonge vya hospitali, alijibu aliviacha zamani.

"Kila mmoja nilimpa uongo wake," anasema. "Nilitaka wote wawe na furaha, na mimi nipone katikati yao."

Kisha majibu ya damu yakaja mabaya. Ini lilikuwa limezidiwa. Daktari akamwambia itabidi kidonge kiachwe moja kwa moja, maana ni wazi mwili umekikataa.

"Kidonge kile ndicho kilichonirudishia vidole. Nikamwona yule wa nusu kichwa anatoka tena mlangoni, na wengine wote nyuma yake."

Angeweza kunyamaza. Badala yake alisema, "Daktari, nimekudanganya."

Alijiandaa kufokewa. Daktari aliweka kalamu chini, akashusha pumzi. "Afadhali umesema leo. Keshokutwa niletee kila unachopaka na unachokunywa. Kila kitu, mama."

Kuleta kila kitu maana yake ni kumwambia mama mdogo. Bibi huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akanuna, akamenya viazi viwili. Halafu akasema, "Basi twende wote. Mafuta yangu yakishtakiwa, nitayatetea mwenyewe."

Walikwenda na kapu. Daktari alimwamkia bibi shikamoo, akafungua chupa na kunusa.

"Humu mna nini, mama?"

"Nazi na ute wa shubiri, basi. Yale maji ya njano yanayotoka jani likikatwa nayamwaga. Hata manukato sitii."

"Haya yabaki," daktari akasema. "Ngozi hii inataka unyevu. Ila yasichanganywe na marhamu. Marhamu kwanza, mafuta baada ya saa kadhaa. Penye kidonda asipake, na yakimwasha aache."

Kisha akashika mfuko wa unga wa mizizi, akaugeuza pande zote akitafuta maandishi. Hayakuwepo.

"Huu siujui, na aliyekuuzia huenda haujui pia. Tunausimamisha, na kidonge nacho kipumzike mpaka tupime tena. Siwagombezi kwa dawa za asili. Kinachonitisha ni kile nisichoambiwa."

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu, na mabaka mawili yalichungulia tena. Lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha ini limetulia. Daktari alikirudisha kidonge kwa kipimo kidogo, akiendelea kupima damu. Mama Kilemba alilia ukumbini mbele ya foleni nzima, bila aibu.

"Unalia nini," mama mdogo akamwambia, "na mafuta yangu yameshinda kesi?"

Leo wateja ni wanne kwa siku, mara nyingine watano. Anayeuliza kuhusu lile baka huelezwa, na wengi hubaki kitini.

Jumamosi hii msusi mwenzake atamsuka yeye, mistari mikubwa isiyovutwa, kama daktari alivyoelekeza. Atakaa kwenye kiti cha dirishani, kinachotazama barabara, bila kilemba. Mama mdogo atakuja na chupa yake kupaka njia za nywele. Ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama daktari ameruhusu.

"Na yule wa nusu kichwa?" anauliza mwalimu kutoka kitini.

Mama Kilemba anafunga msuko wa mwisho, anakata uzi.

"Jumamosi akipita ataniona," anasema. "Aingie tu. Nitammalizia."