Bastola Mpya ya Bwana wa Majengo

Kabla ile bastola mpya haijafika, sikuogopa shimo. Jua niliogopa, na nyoka, lakini mlio wa risasi niliuzoea kama mtu wa reli anavyozoea treni kupita karibu na mlango wake.

Nilikuwa fundi wa rangi kwa mzungu mmoja wa majengo, hapa Elisabethville, wakati wa Wabelgiji. Siku za kazi nilipaka kuta zake. Jumapili, wengine wakienda misa, mimi na shemeki wangu, kaka ya mke wangu, tulipanda nyuma ya kamyo, lori la mzungu huyo, tukaenda naye kwenye kilabu cha kulenga shabaha, nje ya mji, upande wa njia ya Kinsevere. Haikuwa kazi ya kuomba. Nyumba niliyolala na mke wangu ilikuwa ya mzungu huyo. Aliyekataa Jumapili alitoka na godoro lake Jumatatu.

Pale kilabuni palikuwa na kichuguu, vile vichuguu vyetu vya Katanga vinavyopita nyumba kwa urefu. Walikikata upande mmoja kikawa ukuta wa kupokea risasi. Mbele yake walisimamisha mbao za shabaha, na chini ya mbao wakachimba shimo refu lenye magogo ya reli ukingoni. Humo ndimo tulimokaa wao wakipiga. Wakimaliza tunatoka, tunaonyesha kwa fimbo risasi imeingia wapi, tunaziba matundu kwa karatasi na uji mzito wa unga wa muhogo, tunarudi shimoni.

Sheria ilikuwa bendera. Kapita wa kilabu, msimamizi mweusi mwenzetu, alisimama huko kwa wapigaji: nyekundu ikiwa juu tukae, nyeupe tutoke. Lakini kapita huyo huyo ndiye aliyefungua chupa za bia, na akishika chupa aliisahau bendera. Mzungu wetu hakupenda kungoja. Bastola yake ya zamani ilikuwa na tumbo la kuzunguka. Akimaliza kupiga alilifungua lile tumbo, akayamwaga maganda ya risasi kwenye meza ya bati. Chwaa. Mlio ule ulitufikia vizuri. Siku moja tulingoja bendera, akaja mpaka ukingoni mwa shimo, shingo nzima nyekundu.

"Beye nalala?" alisema kwa Kiswahili chake cha kazini, ambamo sisi sote tulikuwa "beye". "Mimi namwaga, beye natoka. Mbiyo."

Basi sikio letu likawa ndiyo bendera. Kapita alijua. Mkubwa wa kilabu, mzee wa sharubu nyeupe, alijua pia. Alikaa palepale kwenye kiti chake akituangalia tukitoka na nyekundu ingali juu, hakusema kitu, maana mambo yalikwenda haraka na bia haikupata moto.

Kisha mzungu wetu akashindwa kwenye mashindano na mzungu mwingine, daktari wa meno. Kushindwa kule tulikula sisi kazini, kwa matusi. Akaagiza bastola mpya kutoka Ulaya. Ilipofika alituonyesha kwenye depo, stoo yake ya rangi: bapa, nyeusi, risasi zinaingia ndani ya mpini, na mpini wenyewe ni wa mti uliochongwa kufuata kiganja chake.

"Hii, nafikiri tu, natoka," alisema, akatikisa kidole kuonyesha jinsi ilivyokuwa nyepesi kufyatuka.

Shemeki alinicheka nyuma ya kamyo alipoona uso wangu. "Shemeki, mi nafikirianga mambo mengi ya mubaya juu ya ule muzungu. Bangenipa mi ile bastola."

Jumapili ya kwanza nikajua hofu ni nini. Mkono wa mzungu ulikuwa umezoea uzito wa zamani, sasa ulitafuta uzito ule na haukuupata. Risasi zilishuka chini, kushoto, kwetu. Magogo ya ukingoni yakaanza kumeguka, vibanzi vinaingia kwenye kola ya shati. Mlio wake haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama mtu anayevunja ubao kwa goti karibu na sikio lako. Nililala kifudifudi, mdomo kwenye udongo. Shemeki alikaa ameegemea ukuta wa shimo, anatafuna karanga.

"Lala chini," nilimwambia.

"Ile bastola haiyamujua bwana yake bado. Iko sawa bibi mupya. Mwanzo ni kutupiana sahani, kiisha batazoeana."

"Na sahani ikikuangukia weye?"

"Ntakuwa mugeni wa heshima," akasema, akanipa karanga. Sikuweza kutafuna.

Kitu kingine kilinisumbua, nikamweleza mke wangu jioni hiyo. Bastola mpya haikumwagwa maganda. Iliyatema yenyewe, kila risasi na ganda lake, likaruka na kuangukia bati. Alipopiga polepole tulisikia ganda mojamoja, tukajua bado. Lakini alipopiga mfululizo maganda yalianguka pamoja, chwaa, kama zamani, na bastola inaweza kuwa na risasi bado ndani. Mke wangu alisema niende kwa kapita, ni mtu wetu, atasikia.

Nilikwenda. Nilimkuta anapanga chupa.

"Kapita, baba, juu ya hii bastola mupya, simamia bendera. Sikio haitoshi tena."

"Weye fundi wa rangi utanifundisha mi bendera?" alisema, wala hakugeuka. "Kama unaogopa, ambia bwana yako."

Hakuna aliyethubutu kumwambia bwana yule kitu. Kapita alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Ikaja Jumapili ya kiangazi, nyasi zimeungua, moshi umejaa kila mahali. Mashindano yalikuwa karibu. Mzungu wetu alikuwa na wageni, akapiga mfululizo ili waone. Maganda yakaanguka, chwaa. Kimya. Shemeki akachukua kopo la uji, akaweka mguu kwenye ngazi ya udongo.

"Ngoja bendera," nilisema. Nilimshika suruali.

"Bendera ya kapita? Tutalala humu. Haukusikia, ameisha kumwaga."

Suruali ikanitoka vidoleni. Akapanda.

Walisema baadaye kwamba bwana alikuwa bado ameinyoosha bastola, anawaeleza wageni namna ya kushika, na risasi moja ilikuwa imebaki. Mimi nilisikia ubao ukivunjika tu. Shemeki alikaa chini polepole ukingoni, mgongo kwangu. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Shemeki, nipe mukono," alisema, kama mtu anayetaka kusaidiwa kuruka mtaro.

Nikampa. Kutoka sikuweza. Nimeshika mkono wake, kichwa changu kiko chini ya magogo, nangojea ubao mwingine uvunjike, mpaka nikasikia viatu vya wazungu.

Walitafuta turubai kwanza, ya kutandika kwenye kiti cha gari. Nililiona hilo kwa macho yangu. Hospitali ya weusi walimpokea akiwa bado anapumua, na kabla ya jua kuzama nilikuwa narudi nyumbani kumwambia mke wangu kwamba kaka yake hayupo.

Komisera wa polisi aliuliza, na mkubwa wa kilabu ndiye aliyejibu: yule mweusi alitoka bila ruhusa, bendera nyekundu ilikuwa juu. Kapita aliitwa akasema, ndiyo, nyekundu ilikuwa juu. Ni kweli, ilikuwa juu. Hakusema kwamba siku zote ilikuwa juu tukitoka, hakusema nani alitufundisha kutoka. Mimi niliposema, nikaambiwa nimechanganyikiwa na msiba, nikakae. Majina yao siyaandiki. Lakini bwana wa majengo aliua, kapita akauza ulimi wake, mkubwa wa sharubu nyeupe akafunika, na anayewajua atawajua.

Matanga hayajaisha, bwana akaniita. "Jumapili mashindano. Beye najua kazi."

Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa cha msiba kichwani. "Ukikufa kule, mi ntalilia na nani?" Hakuniambia nisiende. Alijua nyumba ni ya nani.

Niliingia shimoni peke yangu. Udongo mahali alipokaa shemeki ulikuwa umepaliliwa kuondoa doa la damu. Bastola ilikuwa ile ile, na sasa ilikuwa imemjua bwana yake, kila risasi ilipita juu yangu sawasawa, na hilo halikunisaidia kitu. Maganda yakaanguka. Kimya. Nikachungulia katikati ya magogo: bendera nyeupe, juu kabisa, kapita ameishika kwa mikono miwili. Miguu ikakataa. Niliiambia twende, ikakataa.

"Weye wa shimoni, toka," kapita aliita.

Sikutoka.

"Bazungu banangojea. Toka."

"Aweke chini bastola," nilijibu, na sauti ilikuwa kama ya mtoto. "Aweke chini, akuje mwenyewe kuangalia karatasi yake."

Watu wasije wakasema nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimejikojolea. Ningetoka kama ningeweza.

Palikuwa na kelele za Kifaransa, na mtu mmoja akacheka, nadhani ni yule daktari wa meno. Kisha nikaona viatu. Bwana wa majengo alikuja kwa miguu juu ya nyasi zilizoungua, mbele ya kilabu kizima, akasimama ukingoni. Uso wake sikuuangalia. Niliangalia mikono yake, mmoja, halafu mwingine. Ilikuwa mitupu.

Hapo ndipo nilipopanda ngazi, nikampita, nikaenda kuonyesha matundu kwa fimbo. Bwana alishinda mashindano, lakini aibu ile hakunisamehe. Jumatatu asubuhi alituma mtu kuchukua ufunguo wa nyumba. Tulifunga godoro kwenye baiskeli, mke wangu akishika nyuma, tukaenda kwa mjomba wake kwenye mtaa uitwao Kenya, hapahapa mjini. Mjomba alipotupokea aliuliza kama nimefukuzwa. Nilisema ndiyo, na tangu msiba ule ndiyo ilikuwa siku ya kwanza nilipokula nikashiba.