Niliwaandikia Waumini Maneno ya Kusema

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii ilianzia mlangoni mwa kanisa, Jumapili mchana, nikiwa nimebeba sufuria ya wali. Kanisa letu la Shively, pembeni mwa Louisville, lilikuwa likikodi jengo la Wazungu; tuliingia wao wakishatoka. Mchungaji akanizuia nisipite.

"Mama Asende, kule kambi ya wakimbizi si ulikuwa unafundisha watoto wa shule ya Jumapili?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Bon, vizuri. Pasaka inakuja. Utuandikie teatri."

Nikamwambia sijawahi kuandika teatri, yaani mchezo wa kuigiza, hata mmoja. Akanijibu kwamba yeye pia hajawahi kuchunga mbuzi hata mmoja, lakini watu wanamwita mchungaji. Akanipokea sufuria akaenda nayo kwenye meza ya chakula, na mimi nikabaki pale mlangoni nikiwa na kazi mpya.

Niwaeleze ninyi mnaoanza sasa kuandika kwamba mkate wangu ulitoka kwingine. Shifti ya asubuhi nilikuwa kiwandani, nakunja maboksi. Kuandika hakukunilisha siku hata moja. Lakini mtu akiniuliza nilifanya kazi gani huku Marekani, ninataja kuandika kwanza, maboksi baadaye.

Mchezo wa kwanza ulihusu mwana aliyepotea akarudi kwa baba yake. Nilimpa baba hotuba ndefu iliyojaza karatasi pande zote mbili, maana nilidhani uandishi ni wingi wa maneno. Baba alichezwa na Mzee Mmunga, fundi seremala wa zamani kutoka Fizi, Kongo, mtu mpole ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Siku ya Pasaka alisimama mbele ya watu, akamtazama yule mwana akija amejifunga shuka chakavu, na hotuba yote ikamtoka kichwani. Akamshika mabegani.

"Mwanangu, umekonda," akasema. "Twende tukule."

Kanisa zima likalia, kisha likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilimfuata Mchungaji nikamwambia Mzee ameniharibia kazi.

"Donc, basi, alisema maneno machache na watu walilia," akanijibu. "Ile karatasi yako, Mama, ingetufikisha usiku bado tunamsikiliza baba, na mtoto angali na njaa."

Hasira ilinichukua wiki nzima kuisha, lakini nilijifunza. Tangu hapo kabla ya kumpa mtu maneno nilijiuliza anataka nini, nikampa yale tu yanayomsogeza kwenye hicho anachotaka. Nilijifunza pia kuchagua neno la kupokelea, yaani neno la mwisho la mwenzako linalokujulisha kwamba sasa ni wewe. Lazima liwe neno zito, linalosikika. Mkimaliza kila sentensi kwa "kabisa", waigizaji watatu wataanza kusema pamoja. Na nilijifunza kumweka mnong'onezi nyuma ya pazia, mwenye maandishi mkononi, wa kumkumbusha aliyesahau. Wetu waliosoma Kifaransa walimwita sufleri.

Shively tulikaa miaka ya furaha. Kisha Baba Asende, mume wangu, akapata kazi nzuri Columbus, karibu na ndugu zake, tukahama.

Kanisa la Columbus lilikuwa kubwa kuliko la Shively, lenye kwaya nne. Aliyeliongoza tulimwita Mchungaji Kiongozi, mtu mrefu, wa maneno ya kupimwa. Nilikwenda kumsalimia, nikamweleza huduma yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karibu sana, Mama Asende. Jikoni tunahitaji mikono, na kwaya ya wamama ina nafasi. Lakini hapa kwangu tunahubiri. Hatuchezi teatri."

Hakutoa sababu, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Nilirudi nyumbani nikiwa kama mtu aliyeambiwa asubiri nje.

Nikaingia kazini kwenye ghala la viatu. Tulipakia viatu kwenye maboksi, boksi linakwenda na mkanda, jingine linakuja. Mikono ilifanya kazi peke yake, na kichwa kikabaki huru. Humo ndimo nilimoandikia. Siku moja supavaiza wetu, mama Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, akasimama nyuma yangu, akanisikia nikinong'ona.

"Unaongea na nani?"

Kiingereza changu kilikuwa kidogo, na uongo unahitaji maneno mengi. Nikamwambia ninaongea na mama yake Musa, anayemficha mtoto.

"Basi mwambie apakie huku anaficha," akasema, akaondoka. Baadaye wakati wa chakula alikuja kukaa nami, akaniuliza yule mtoto aliishia wapi. Aliijua hadithi kuliko mimi, alitaka tu kusikia nitaisemaje. Ndiye alikuwa kanisa langu la teatri kwa muda mrefu, mtu mmoja na sahani yake.

Nisiwafiche, kungoja kuliniuma. Krismasi ilikuja ikapita, Pasaka ikaja ikapita. Watoto walikaa viti vya nyuma na simu zao. Ukiwasemesha Kiswahili walijibu Kiingereza, na kila mwaka walizidi kukaa karibu na mlango. Nilikuwa na michezo mezani kwangu na nilijua ingewafaa. Nilimwomba Mungu kwa heshima mwanzoni, kisha kwa kulalamika. Niliwahi kumwambia jikoni, kwa sauti, nikikoroga ugali: kama hukutaka niandike, kwa nini unaniamsha na maneno?

Ndipo kundi likajitenga na kanisa letu. Kiongozi wao, aliyekuwa shemasi, alikuja nyumbani akanywa chai.

"Mama, kwetu jukwaa liko tayari. Hata pazia tumenunua. Kuja tu."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilitaka kwenda. Nilijua pia kwamba nikienda, nitavuta wengine, na mpasuko utakuwa mkubwa. Baba Asende alikuwa mtu wa maneno machache, fundi wa magari. Nilimwuliza ananishauri nini.

"Mungu alikupa nini, kalamu ao jukwaa?"

"Kalamu."

"Bon. Sasa fanya na kalamu. Jukwaa iko yake, atajua pa kuliweka."

Nikamjibu kwamba ni rahisi kwake kusema, maana magari hayamsubirishi. Akacheka. Lakini nilimpigia shemasi yule simu nikamwambia nashukuru, nabaki. Nililia kidogo baadaye, kisha nikaenda kuendelea na mama yake Musa.

Mlango uliofunguka haukuwa ule niliokuwa nikiubisha. Mama mzazi wa Mchungaji Kiongozi, baada ya kukwama kambini kwa muda mrefu, aliruhusiwa kuja Marekani. Tulimwita Bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti. Jumapili ya pili baada ya kufika, ibada ilipokwisha, alimwuliza mwanawe mbele ya wamama wote waliokuwa wakipanga viti.

"Watoto wa hapa hawachezaka Krismasi?"

"Mama, hapa hatuna ile desturi."

"Nani aliitoa?"

Mchungaji Kiongozi akashika kiti akaanza kukipanga.

"Siye kule tulichezaka kila mwaka," akaendelea Bibi. "Na wewe ulikuwa kondoo. Hawa wajukuu wako hata salamu wananipa kwa Kizungu. Wape maneno, watasema."

Wiki ile Mchungaji Kiongozi alikuja kwangu. Alikaa pale pale alipokaa shemasi, akashika kikombe bila kunywa. Akanieleza kilichomfunga. Kule kambini, kanisa alilolichunga lilicheza mchezo wa mlevi, na mlevi yule alivaa kofia na kutembea kama mzee mmoja wa kanisa. Watu walicheka sana. Yule mzee alitoka na familia yake, hawakurudi tena.

"Niliogopa, Mama Asende. Sikukuchukia."

"Ungeniambia, Mchungaji, ningekungoja kwa amani."

"Ni kweli. Nilipaswa kukuambia."

Tukakubaliana niandike kwa sharti moja, nami nimelishika mpaka leo, nanyi lishikeni: jirani yako aliye hai usimweke jukwaani ili achekwe. Mtu mbaya wa mchezo mtoe ndani yako mwenyewe, hutakosa.

Nikaandika mchezo wa Hana, yule mjane mzee aliyengoja hekaluni mpaka Mtoto akaletwa. Sikuhitaji kutafuta maneno. Bibi akasema Hana ni yeye, na hakuna aliyembishia. Kwa kuwa hakujua kusoma, mtu alipaswa kumsomea mistari yake kila jioni mpaka imwingie. Nilidhani tutampa mmoja wa wajukuu. Mchungaji Kiongozi akasema, "Hapana, nitamsomea mwenyewe." Wajukuu wakakaa nao sebuleni kwa kucheka tu, na kwa kucheka wakajikuta wanaijua mistari ya kila mtu.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Watoto walisema Kiswahili chao, wengine wakikivunja vipande, lakini walikisema. Bibi akaingia na fimbo yake, akamwona Mariamu na mtoto, akasimama. Maneno yakamkimbia. Nyuma ya pazia mnong'onezi alinong'ona. Bibi akageuza kichwa.

"Sikukusikia. Sema tena."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Pazia likasogea, na aliyetoka na karatasi alikuwa Mchungaji Kiongozi, amevaa suti yake ya mahubiri. Alitembea mpaka kwa mama yake, akamshika mkono, akamwinamia sikioni. Kicheko kikazima. Bibi akasema, kwa ile sauti yake kubwa:

"Nilingoja mpaka nikazeeka. Sikungoja bure."

Nilikuwa nimeiandika sentensi ile kwa ajili ya Hana. Lakini mwanamke aliyekaa kambini miaka mingi akingoja kuwafuata wanawe alipoisema, sikuweza kudai kwamba ni yangu. Mchungaji Kiongozi alijaribu kurudi nyuma ya pazia, akashindwa kuuona mwanya wake kwa machozi. Mtoto aliyecheza malaika akamwongoza.

Baada ya hapo sikukosa kazi Columbus. Na tulipohamia Buffalo kumfuata binti yetu, nilimkuta Mama Mkuu wa idara ya watoto ananisubiri, maana habari ilitangulia. Tulipanga nyumba North Buffalo. Mchana nilihudumia wazee katika nyumba yao ya matunzo, nikiwageuza vitandani na kuwalisha, na mambo mengi ya jinsi watu wanavyosema wakiwa hawana tena cha kuficha niliyajifunza kwao. Jioni za theluji tulifanya mazoezi huku tumevaa makoti. Mama Mkuu alikuwa mkali wa saa. "Mama Asende," alikuwa akiniambia, "Roho Mtakatifu hachelewi, kwa nini mamajusi wako wanachelewa?"

Mwaka jana magoti na vidole viliniambia inatosha. Niliacha kazi ya wazee, kisha nikamkabidhi uandishi Nyota, msichana anayefanya kazi ya kupanga mizigo ghalani na ambaye maneno humjia, kama yalivyokuwa yakinijia mimi. Kanisa liliniombea, likanipa kitenge na keki.

Watu huniuliza kama sijutii ile miaka ya Columbus niliyokaa bila jukwaa. Sijui nijibu nini cha busara. Ilikuwa migumu. Lakini mchezo wa Hana nisingeuandika nikiwa Shively, kwa sababu nilikuwa bado sijangoja kitu chochote. Mungu hakuwa amenisahau. Alikuwa ananisomesha, na darasa lilikuwa na viatu vingi.

Krismasi iliyopita nilikaa miongoni mwa watu kutazama mchezo wa Nyota, kiti cha katikati, kitenge changu kipya mapajani. Taa zikapunguzwa. Yusufu akatoka, akatazama mlango aliofungiwa, akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, sikujua atasema nini. Nikamshika Baba Asende mkono, nikangoja.