Maili Kumi na Mbili hadi kwa Arlette

Akiwa abiria, Verl Haws alikanyaga breki. Breki yenyewe haikuwepo, lakini kila taa ilipogeuka nyekundu mguu wake wa kulia ulibana sakafu ya gari. Alikuwa ameendesha basi la shule hapa mjini Mesa miaka thelathini na mmoja. Hata macho yalipofifia na leseni ikachukuliwa, mguu haukukubali kustaafu.

Nilikuwa jirani yake. Kila Jumapili nilimpeleka mji wa Gilbert, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa mkewe, Arlette. Katika gari langu hakupata kichefuchefu hata siku moja, kwa kuwa dereva hasa alikuwa yeye.

"Kata kulia, binti. Polepole! Gari ulijifunzia juu ya punda nini?"

"Basi shuka utembee, mzee."

"Kwenye jua hili? Unataka nikaangike?"

Kisha nesi akamwambia kwamba Arlette ameanza kusahau nyuso asizoziona mara kwa mara. Jumapili peke yake haikutosha, na siku nyingine mimi nilikuwa darasani nikifundisha. Basi haliendi kule. Yakabaki yale magari ya kukodi yanayojiendesha yenyewe, yasiyo na dereva.

Alijaribu tangu Februari. Akizunguka mitaa miwili tu, tumbo lilipanda kooni. Alitafuna tangawizi, akafungua dirisha, akafumba macho. Akakariri njia nzima, kona kwa kona, ili mwili ujue kinachokuja. Lakini gari lilichagua njia yake kila siku kwa kufuata foleni, wala halikumwambia mtu.

"Ningekuwa na mtu wa kugombana naye mle ndani," aliniambia, "nisingetapika."

Mwezi Mei, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao iliangukia Jumatano. Alivaa shati jeupe akaenda peke yake. Alitapika mara mbili njiani. Alifika akipepesuka, shati limelowa, ananuka. Arlette alikuwa amelelewa na baba mlevi, na maisha yake yote hakuruhusu hata chupa ya bia ivuke mlango wake. Alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mtoeni huyu mlevi," alimwambia nesi. "Mume wangu akimkuta hapa patachimbika."

"Arlie, ni mimi."

"Mtoeni!"

Jumapili nilikwenda naye, amenyoa, ananukia sabuni. Arlette hakuweza kukumbuka alichokula asubuhi, lakini mlevi yule alimkumbuka. Alipomwona tu mlangoni akaanza kutetemeka. Tulijaribu Jumapili tatu. Ya tatu Verl hakuingia. Alikaa garini akingoja nitoke.

Ijumaa moja ya Juni, siku mbili kabla moyo wake haujasimama, alinigongea mlango akanipa mfuko wa pichi.

"Nenda peke yako, binti. Usimpe zilizoiva sana, zinamsumbua tumbo. Na akimuulizia mumewe, mwambie bado yuko kazini."