Tonge la Ndege

Wifi yangu Risten ni mbishi, na sisemi hivyo kwa kumsengenya. Mwenyewe anajua na anajivunia. Tangu kaka yangu afariki, anakaa peke yake kwenye kibanda cha juu, theluji inakochelewa kuyeyuka, akiwachunga kulungu wetu wa kufugwa, majike, wanapozaa. Mimi nakaa chini yake kidogo. Kila asubuhi napanda tunywe kahawa na kugombana.

Huku kwetu, majira ya kuchipua, hakuna anayefungua mlango na tumbo tupu. Ndege wanarudi kutoka nchi za joto, na ukimsikia wa kwanza una njaa, amekushinda, mwaka wako umeharibika. Kwa hiyo tunakula tonge la ndege: kipande cha nyama kavu, hata kama usingizi haujakutoka. Ukishamsikia, basi, unaacha mpaka mwaka ujao.

Mwaka huu aliwahi koo-buluu, kale kandege kenye koo la buluu. Alitua kwenye mti mlangoni kwa Risten akaimba kutwa, akiwaiga ndege wenzake na hata kengele za kulungu, kelele tupu. Mimi nikaacha tonge. Wifi hakuacha. Kila asubuhi alitafuna, ndipo akafungua mlango. Jamani, nikaogopa, nikakumbuka siku hizi anavyonikazia macho midomoni tukigombana.

Maana mwanawe Ante, anayefanya kazi Kiruna, alishasema mbele yangu: "Mama, siku masikio yakikuacha, unashuka mjini kwangu. Huku kuna dubu, kuna maporomoko ya theluji. Huwezi kukaa peke yako husikii."

"Yasikie nini, maneno yako?" Risten akamjibu. "Bora yafe!"

Tulicheka, lakini Ante hakuwa anatania. Na chumba cha mjini, dirisha linatazama magari yaliyoegeshwa, kwa Risten ni kaburi.

Jumamosi Ante akaja, akalala pale. Asubuhi nilipopanda niliwakuta mezani, ndege anapiga kelele nje kama amelipwa. Risten akachukua kisu, akakata nyama, akatafuna. Ante akautazama mdomo wa mama yake, akautazama mlango, akanitazama mimi. Nikainamia kikombe. Mtoto wa kaka yangu si mjinga.

Nikangoja aseme. Badala yake akanyoosha mkono.

"Nikatie na mimi, mama. Ndege mwaka huu wamechelewa kweli."

Risten akaweka kisu chini. "Mwongo we! Hata baba yako alikuwa hajui kudanganya."

"Mama..."

"Namwona pale dirishani. Wiki nzima koo linamtetemeka. Mimi si kipofu. Nakula kwa sababu sijamsikia, na siku nikiacha, ndiyo nimekubali kwamba sitamsikia tena."

Nililia waziwazi, wala sikuona haya. Ante uso ulimwiva. Kisha akamgeukia mama yake sawasawa, aione midomo yake.

"Nitaomba likizo. Nitakaa hapa mpaka majike wamalize kuzaa. Halafu tutazungumza."

"Tutazungumza nini?"

"Sijui, mama. Sijui bado."

Risten akachukua tena kisu. Akakata kipande cha nyama, na Ante akanyoosha mkono tena kukipokea. Mama yake akausukuma ule mkono pembeni.

"Wewe umeshamsikia," akasema. Akakila mwenyewe, akafungua mlango.