Nilimfukuza kiongozi wa tenori, kumbe macho yangu ndiyo yalikuwa yanaona nota mbilimbili

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi.

Nina miaka arobaini na tisa, nafundisha kwaya ya kanisa letu huku Igalula. Shule yangu ni darasa la saba, nikikosea mahali mnirekebishe. Haya nimeyatoa kwenye daftari ninaloandika kila siku, ili nisijipendelee. Sina uhakika kama nimefaulu.

Iko hivi.

Sisi tunaimba kwa nota za herufi, zile za d, r, m. Karatasi moja ina mistari minne, soprano juu, besi chini, herufi ndogo kama chawa.

Tangu mwaka jana zikaanza kunichezea. Kwanza ukungu. Nikawa nasogeza karatasi mbali mpaka mkono ukaisha. Mke wangu akasema, "Baba Ester, bado kidogo utaisomea ukiwa nje."

Nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga pale stesheni. Nilijipima mwenyewe kwa kusoma pakiti ya biskuti!

Ukungu ukapungua, likaja jingine: herufi moja naiona mbili, zimekaa kama pacha. Robo saa tu, kichwa kinagonga.

Nikamlaumu dada wa steshenari. Fotokopi nimemrudishia mara tatu. "Mwalimu, mashine yangu haitoi kivuli," akaniambia, akatoa nyingine bure kwa hasira. Huyu nilimwonea, na naliandika hapa lijulikane.

Cha ajabu, nikifumba jicho moja herufi zinatulia. Basi nikawa nafundisha hivyo hivyo. Soprano mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, leo unamkonyeza nani?" Kwaya nzima ikacheka.

Nikaacha kufumba. Nilikwepa aibu ndogo nikaenda kuitafuta kubwa.

Jumamosi moja tunajifunza wimbo wa Pasaka. Kiongozi wa tenori ni Baba Neema, nimeimba naye miaka kumi na minane. Akafika mahali akaivuta "s" moja ndefu. Mimi kwenye karatasi naona "s" mbili. Nikasimamisha.

"Baba Neema, piga mara mbili."

"Mwalimu, ni moja, inavutwa."

"Karatasi ninayo mimi."

"Na mimi ninayo."

Hapo nikamjibu, na daftari lina maneno yenyewe: "Kama unajua kuliko mwalimu, kaanzishe kwaya kwako."

Akakunja karatasi yake mara nne, akaiweka kwenye benchi, akatoka. Tenori wawili wakamfuata.

Kwa haki niseme, yeye hakupandisha sauti. Aliyepandisha ni mimi.

Wiki tatu tukaimba bila tenori ya maana, na Pasaka inakuja. Huku kila mtu amekuwa daktari. Kula karoti. Osha macho kwa chai ya rangi. Acha simu. Mmoja akaniambia eti Baba Neema ndiye kaniroga. Nilichoka, wakuu, nilichoka kweli.

Nikaenda kliniki ya macho Tabora mjini. Mpimaji, binti mdogo tu, akaleta kalamu taratibu kuelekea pua yangu. "Baba, useme ikiwa mbili."

Hata haijakaribia, nikasema mbili. Akarudia. Mbili, palepale.

Akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa umri ukienda, haijirekebishi tena kwa vitu vya karibu. Hilo litamfika karibu kila mtu. La pili, ukitazama karibu, macho yote mawili yanatakiwa kugeukia ndani kwa pamoja. Yangu yamechoka kugeuka, kila moja linabaki na picha yake. Na ile miwani ya stesheni ilikuwa na nguvu kupita kiasi, ikazidi kuyavuruga.

Akanipa miwani ya kipimo changu na zoezi la kufuata kalamu. Zoezi ni la kugeuza macho, akasema, lenzi hairudi ujana.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ile 's' ilikuwa moja?" Akanionyesha ubao wa herufi ukutani, akidhani naulizia ya pale.

Asubuhi yake nikaenda kwa Baba Neema. Nikamkuta nyuma ya nyumba anachambua karanga.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimia kama hakuna kitu. Nikaomba msamaha. Akaendelea kuchambua.

"Ulinisema mbele ya watu. Hapa kwenye karanga hakuna kwaya."

Nilikasirika njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaona ana haki.

Jumamosi nikasimama mbele ya wote nikasema kila kitu, macho, miwani, "s" na yale maneno. Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Nina sharti. Wewe tuongoze kwa mkono, karatasi nitasoma mimi, mpaka hayo macho yako yapatane."

Nikakubali. Pasaka tukaimba hivyo, na ile "s" ikavutwa. Imeniuma kidogo kusimama mikono mitupu mbele ya kwaya yangu, siwezi kuwadanganya.

Kalamu nina wiki ya tano. Naona inasogea karibu zaidi kabla haijawa mbili, au najidanganya, sijui. Mliowahi kufanya zoezi hili, lilichukua muda gani? Na kama mpimaji nilimwelewa vibaya, semeni.

Mliovuka arobaini, mkibishana na mtu juu ya kitu kilichoandikwa, kapimeni macho kwanza. Mimi nilianza na mtu.