Mguu wa Tausi wa Gilgil

Baba yangu alikuwa fundi wa plasta, na katika kazi zake zote alitaka moja tu ionwe na watu wa mbali: tausi. Alimfinyanga kwa saruji akiwa kijana, juu ya mlango wa duka la Mhindi pale Gilgil, akielekezwa na fundi mzee wa Kihindi aliyemfunza kazi. Mkia ulimtoka vizuri ajabu. Mguu wa kushoto ulimshinda; saruji ilikauka kabla hajamaliza, mguu huo ukabaki na vidole viwili badala ya vitatu. Kila tulipopita Gilgil nikiwa mdogo alinionyesha mkia, kisha akaniambia nisitazame mguu.

Alipozeeka, mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, akaja kukaa nami Lanet. Wakati huo mimi nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kusoma. Nilikuwa nimegundua kwenye simu tovuti za bure za sanaa na majengo ya Asia: mihadhara, ramani, maktaba za picha ambamo nguzo moja ya hekalu imepigwa picha pande zote, hata ufa wake umeandikiwa maelezo. Maktaba moja ilisema inapokea picha kutoka kwa yeyote, na kwamba jina la fundi likijulikana litaandikwa. Nikamwambia baba. Sijui kwa nini sikufunga mdomo wangu.

"Wataandika jina yangu?" akauliza.

"Wataandika, baba."

"Basi ukipiga picha, hiyo mguu uikate."

Kuanzia siku hiyo, kila nikitoka kazini swali lilikuwa moja: wameweka?

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno. Katika Kiingereza chetu cha Kenya, Asian ni Mhindi, hata kama babu yake alizaliwa Nakuru. Kwa hiyo nilipoona maktaba ya majengo ya Asian, sikujiuliza mara mbili. Akilini niliona duka la Gilgil. Nilijaza fomu mpaka nikafika mahali pa nchi. Orodha ilitoka Kazakhstan ikaruka moja kwa moja hadi Kuwait. Nikapandisha, nikateremsha, nikidhani Kenya imejificha mahali. Kumbe Asia yao ni bara. Mimi na digrii yangu sikuwa nimeliwaza hilo.

Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu nyingi kwamba nijaribu maktaba ya Afrika. Wale wa Afrika nao wakajibu, kwa adabu ileile, kwamba tausi wa Kihindi apelekwe kwa watu wa Asia. Wiki zikapita hivyo, nikirushwa huku na kule, nikitukana skrini kana kwamba ina masikio.

Kosa la pili ni langu peke yangu, na sijajisamehe. Sikuwa nimepiga picha. Mwongozo wa tovuti ulitaka mwanga wa asubuhi, kamera iliyosimamishwa, na futi ya kupimia kando ya kitu chenyewe. Nikasema nisimwaibishe mzee kwa picha ya simu. Ngoja nimalize masomo kwanza. Nikawa naweza kukueleza jinsi paa la hekalu la Japani linavyobebwa na nguzo zake, na Gilgil hapo karibu siendi.

Nilipoenda hatimaye, na futi mpya mkobani, ukuta wote wa mbele ulikuwa vioo. Fundi mmoja alikuwa anafuta alama za vidole.

"Boss, kulikuwa na ndege hapa juu ya mlango."

"Ile ya simiti? Tulitoa wiki iliyopita, mathe. Ilikuwa inakula nafasi ya signboard."

"Mliiweka wapi?"

"Si ilivunjika? Vipande vilienda na lori."

Nililia palepale kando ya barabara, mtu mzima mwenye futi mkononi. Watu walipita wakinitazama, na sikujali.

Nyumbani, baba aliuliza swali lake. Sikuweza kumwambia. Nilifungua ile maktaba ya Asia, nikatafuta, nikapata tausi wa plasta juu ya mlango huko Gujarat, anayefanana naye sana. Nikampa simu pale dirishani, nikitegemea ubovu wa macho yake. Aliisogeza hadi ikagusa nyusi.

"Ni yeye," akasema. "Ona hiyo mkia!" Alicheka, na mimi nikaanza kupumua. Kisha akasema, "Na mguu? Nilikuambia ukate. Hebu nione."

Niliikuza picha. Akahesabu polepole, moja, mbili, tatu.

"Huyu ako na vidole zote."

Nilitaka kuichukua simu, akaishikilia.

"Kumbe kuna mtu alikuja akarekebisha?"

"Ndiyo, baba. Walirekebisha."

Akanirudishia simu.

"Basi jina yangu watoe," akasema. "Waandike ya huyo alimaliza."