Nilimtenga Mdogo Wangu kwa Udongo wa Kaburi la Robi

Sina wa kumsingizia. Nilichofanya nilikifanya mwenyewe, mchana, mbele ya watu, nikiwa na akili zangu zote. Jina langu naomba libaki kwangu. Kosa ndilo nawapa.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama alitangulia, baba akafuata, nami nikaacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu wawili, Robi na Gati. Nililima mashamba ya watu, niliuza ndizi sokoni Nyamwaga, wakapata kula. Mama aliniachia neno moja tu: nisiwatawanye. Na mimi nikishasema ndiyo, sirudi nyuma.

Robi alikeketwa Desemba moja nikiwa nimekwenda kupalilia mbali kwa siku tatu. Wenzake walimcheka mpaka akakubali. Niliporudi nilimkuta amelala, kanga imelowa damu. Tulimpandisha pikipiki, mimi nikamshikilia kwa nyuma. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Ngariba alikuwa jirani yetu, Bibi Wegesa. Alikuja msibani, akakaa na kina mama, akala ugali wetu. Jamani, ugali wetu! Tangu siku ile niliamka kila asubuhi na jina lake mdomoni.

Ndipo akaja mwalimu mmoja kijana, wa kujitolea, akaanzisha kundi la kuwalinda mabinti. Nilikuwa wa kwanza kujiunga. Na mwanzoni lilikuwa kundi jema, nisiseme uongo. Msimu wa kukeketa ukifika tuliwaficha wasichana kanisani, tukawapikia, tukakaa na mama zao tukizungumza taratibu. Wako wasichana walio wazima leo kwa sababu yetu.

Lakini kuzungumza taratibu kulituchosha. Mwalimu akasema wazee wakitaka kumkomesha mwizi wa ng'ombe wanamtenga: hapewi moto, hasalimiwi, akifiwa anachimba kaburi peke yake. Kwa nini sisi tusimtenge mwenye kisu? Akasema pia watu wetu hawaogopi karatasi ya serikali, wanaogopa kiapo. Kila nyumba ije iape kwamba haitamkeketa binti.

Waape kwa kushika kitu gani? Hapo ndipo nilipotoa mchango wangu. Nilikwenda kwenye kaburi la Robi, nikachota udongo, nikaujaza kwenye kibuyu. Kila mtu aliushika akasema, nikidanganya udongo huu unile.

Bibi Wegesa tulimtenga siku ya kwanza. Nilifurahi, sifichi. Dukani hauziwi chumvi. Watoto wanampita bila shikamoo. Mahindi yake yalikauka shambani, hakuna aliyethubutu kumsaidia kuvuna, ng'ombe wakayamaliza. Nilikuwa napita njia ya kwake makusudi, nione.

Siku moja alinisimamisha. Alisema kisu alishakikabidhi kwa mchungaji tangu Robi alipokufa, na yuko tayari kuushika udongo aape. Nikamwambia, "Udongo ule ni wa watu, bibi. Wewe subiri wa kwako." Nikaondoka. Usiku huo nililala vizuri kuliko siku zote.

Baada ya hapo hatukuwa tunatafuta visu tena. Tulitafuta watu. Aliyemsalimia Bibi Wegesa, tulimwandika kwenye orodha ya watu wa kutengwa. Aliyemuuzia chumvi, tulimwandika. Aliyeuliza kama hatujazidisha, huyo tulimwandika juu kabisa.

Halafu ikajulikana kuwa kuna mtu anampelekea bibi maji na unga. Alikuwa Gati.

Alikuwa na miaka kumi na saba, hajakeketwa, kila mtu anajua, mimi mwenyewe ndiye niliyemlinda. Akaitwa uwanjani aape kwamba hatakwenda tena kwa yule bibi. Nikamshikia kibuyu. Hakukigusa.

"Dada, huyu ni Robi," alisema. "Unataka nimshike Robi ili mtu mwingine alale njaa?"

Mtu mmoja nyuma akasema kwa kejeli kwamba ngariba amepata mjukuu. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia mimi, akasema kwa upole kabisa, "Dada yetu, sheria hii ina ndugu au haina?"

Wote wakaniangalia. Ningeweza kumwaga ule udongo. Ningeweza kumshika mdogo wangu mkono tukaenda nyumbani. Nikasema haina, nikanyoosha mkono atengwe.

Aliyetengwa halali na wenzake nyumba moja. Gati alikunja nguo zake, nami nimesimama mlangoni nikijiona imara. Hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mjomba wetu, upande wa Serengeti, ambako kundi letu halikuwahi kufika.

Desemba ya mwaka huo mjomba alimkeketesha. Alimwambia kwamba msichana aliyefukuzwa kwao hawezi kukaa nyumbani kwake bila kuwa mwanamke kamili.

Nilipata habari baada ya wiki mbili. Mwalimu alifika kabla sijamaliza kulia, akasema tukachukue picha ya Gati, tuibebe kijiji kwa kijiji. Nilimfukuza kwa jembe. Sijamsamehe na simsamehe. Kundi bado lipo, na sasa nimeandikwa mimi.

Nilikwenda kwa mjomba na polisi. Nilitaka nimwone amefungwa pingu, nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka chakula. Mjomba akasema hajui kitu, wake zake wakasema hawajui kitu. Polisi wakamuuliza Gati. Aliniangalia, akawaambia, "Huyo dada simfahamu," akaingia ndani.

Mjomba anatembea huru mpaka leo. Mtu pekee anayeweza kumpeleka mahakamani ni yule niliyemtoa nyumbani kwangu.

Nyinyi mlio kwenye mambo mema, nawaambia msiyaache. Ukeketaji ni uuaji, nitalisema hilo mpaka nife. Lakini siku utakapoona furaha yako imehama, kutoka kwa binti aliyepona hadi kwa bibi anayelala njaa, toka hapo haraka. Usingoje wakuulize kuhusu ndugu yako. Wakishakuuliza, utajibu kama nilivyojibu mimi.